Jenifa Ameshuka Dunguni

Kabla ya alfajiri mfuniko wa sufuria ulikuwa ukilia to, to, to, polepole, kama mgeni anayeogopa kuamsha watu. Loisi alilala akiusikiliza. Nyumba yake ya Chang'ombe haikuwa na bomba ndani, na Dodoma ilikuwa haijaona mvua tangu Aprili, kwa hiyo hakuwa na haja ya kujiuliza ni nini. Ilikuwa kanga ya Jenifa. Jenifa aliitundika kwenye kamba ya jikoni jioni iliyopita, imejaa theluji, na sasa theluji ilikuwa ikiyeyuka na kudondokea sufuria ya mlenda.

Akaamka, akaipeleka kanga nje, akaikamua juu ya tuta la mchicha. Mchicha ulikuwa umestawi sana tangu marehemu aanze kuja.

Jenifa alikuwa binti yake wa pekee. Alikufa kwa homa wakati mwanawe Angelina yuko darasa la nne, akazikwa Mvumi, alikozaliwa. Sasa Angelina alikuwa chuoni, mwaka wa pili, na mama yake alikuwa amerudi. Kila jua lilipoelekea kuzama alionekana akitokea upande wa Kizota, akipita katikati ya gereji, theluji mabegani, miguu mitupu. Mafundi walimpisha. Kulikuwa na mchomeleaji mmoja aliyezima mashine yake kila Jenifa alipokaribia, ili cheche zisimrukie. Loisi alipoambiwa habari hiyo alianza kumwombea kijana yule, ingawa hakujua jina lake.

Theluji haikumsumbua Loisi. Kilichomsumbua ni kwamba Jenifa alikuwa akichechemea. Alipokuwa hai alitembea vizuri, akicheza ngoma watu wanasimama. Sasa mguu wa kushoto ulitua kabla ya wakati wake, kila mara, kama mtu aliyeibiwa nusu hatua.

Jioni ya kwanza alisimama mlangoni akapiga goti kama zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unachechemea?"

"Sijui. Nilianza nilipoanza kuita."

"Unamwita nani?"

"Si wewe? Nakuita mchana kutwa, mama, huitiki. Nikaona nije nitazame kuna nini."

Loisi alimkaribisha, akampa kigoda, akamsongea ugali wa uwele. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtoto wake amemwita, naye hakuitika. Hakuna aliyewahi kumwambia neno baya kuliko hilo, na aliyemwambia hakuwa na ubaya wowote, alikuwa akimenya kitunguu.

Ili mtu aelewe uzito wake ni lazima ajue habari ya madungu. Uwele unapoanza kukomaa, ndege waitwao kwelea hushuka shambani kama moshi, na wenye mashamba hujenga madungu, yaani vichanja virefu vya miti, wakakaa juu yake tangu kunapopambazuka wakiwafukuza ndege. Kukaa huko ni upweke. Kwa hiyo mwenye dungu hili humwita kwa wimbo mwenye dungu lile. Wimbo wenyewe ni mfupi, wa Kigogo, na maana yake ni hii: mwenzangu wa dungu la pili, ndege wamenizidi, je, upo? Na yule wa pili huitika kwa wimbo, akimtaja mwenzake kwa jina lake na la mama yake: nipo, fulani wa fulani, nakusikia. Kisha ndege wanafukuzwa pande zote mbili. Mtu akiita asiitikiwe, huo ndio utaratibu wenyewe, hushuka dunguni, akaacha uwele wake uliwe, akaenda kwa miguu kumtazama mwenzake. Huenda ameumwa na nyoka. Huenda amelala. Lakini lazima aende.

Jenifa na mama yake walilinda mashamba mawili yaliyopakana kwa miaka mingi. Jenifa aliita, Loisi aliitika. Hata siku moja Loisi hakuacha kuitika, hata akiwa na ugali mdomoni.

Majirani walizoea haraka. Batuli, aliyekaa nyumba ya pili na asili yake ni Kondoa, alileta jiko la mkaa likiwa limeshawaka, akaliweka miguuni pa Jenifa bila kuombwa.

"Ila nyie Wagogo," alisema, "hata marehemu wenu hawakosei saa ya kula."

"Na wewe Mrangi umefuata nini na jiko lako, kama si harufu ya mlenda?"

"Mlenda wa Kigogo? Mimi nimekuja kumwona mgeni." Akajipakulia. Alipoondoka aliliacha jiko, na hakuja kulidai.

Theluji ilianguka juu ya bati la Loisi peke yake, na kwa kuwa maji ya bomba mtaani huja yakipenda, wanawake walikuja asubuhi na ndoo. Balozi wa mtaa, mzee Elisha, alifika kukagua. Alitazama bati, akatazama bati la jirani lililojaa vumbi, akasema si haki nyumba moja ipate peke yake. Akaagiza ufungwe mfereji wa bati uelekee kwenye pipa la wote. Loisi aliona amesema kweli. Mfereji ukafungwa.

Aliyegundua chanzo ni Ikram, msichana aliyekaa chumba kimoja na Angelina hosteli. Alikuwa akitazama kwenye simu filamu ya makala kuhusu michezo ya nchi za baridi, watu wanaojifunga mbao ndefu miguuni na kuteremka milima ya theluji kama wanafukuzwa. Muziki wake ulikuwa wa roki, roki ile ya progresivu, ambayo wimbo mmoja unaweza kuanza ukapika maharage yakaiva haujaisha. Katikati ya gitaa Ikram akasikia mwanamke anaita.

"Angelina," alisema, "njoo usikie. Huyu si Mgogo mwenzako?"

Angelina alisikiliza mara moja. Aliuvaa mtandio wake, Ikram akamwekea bando la intaneti kwenye simu bila kusema chochote, naye Angelina akaja nyumbani kwa bibi yake mchana ule ule.

Muziki wa filamu ile ulitoka kwenye albamu yenye jina la kigeni ambalo Angelina alilitafsiri kuwa Mlima Unapumua. Loisi alikaa kwenye mkeka, simu imeegeshwa kwenye kikombe. Kwanza kilisikika kinanda kama cha kanisani, kizito, kinachopanda. Yakaja magitaa. Zikaja ngoma, zikihesabu saba na kuanza upya, saba na kuanza upya, kama mtu anayetoka nyumbani, akafika kwenye kona, akakumbuka kitu, akarudi. Kwenye kioo mwanamke mwenye koti jekundu aliruka kutoka kwenye mwamba, akabaki hewani muda mrefu. Hapo hapo Jenifa akaanza kuita.

Ilikuwa sauti yake alipokuwa na miaka ishirini na kitu, kabla ya ndoa, kabla ya homa. Mwenzangu wa dungu la pili. Loisi aliweka mkono kifuani. Ndege wamenizidi. Dari ilianza kudondosha theluji nyembamba, Angelina akaisogeza sahani ya karanga isilowe. Je, upo?

Loisi alivuta pumzi akisubiri kujisikia mwenyewe akiitika. Aliikumbuka asubuhi ile. Mgeni Mzungu alikuja Mvumi na kipaza sauti chenye manyoya kama paka, wakamchinjia jogoo, akalala kwao siku kadhaa. Alirekodi madungu mawili, la Jenifa na la Loisi, wimbo na jibu lake. Alisema ataleta kanda wajisikilize. Alikuwa mpole, alijifunza kusema mbukwa, salamu ya Kigogo, akawaamkia hata mbuzi.

Palipopasa kuwa na jibu palikuja gitaa. Jenifa akaita tena. Likaja gitaa. Akaita tena, mara nyingi, mwanamke wa koti jekundu akianguka na kuinuka na kuanguka, na kila palipopasa kuwa na sauti ya Loisi palikuwa pamekatwa, safi, kama mtu aliyekata kwa wembe mpya. Tena walikuwa wamekata na pigo moja la mwisho wa kila mstari, ili wimbo ukae kwenye ile saba yao. Hapo Loisi akaelewa habari ya mguu.

"Wameandika nini?" aliuliza. "Mwimbaji wamemwita nani?"

Angelina alitafuta. Walikuwa wameandika jina la mpiga gitaa, la mpiga kinanda, la mtu aliyesafisha sauti, la mtu aliyepika chakula wakati wa kurekodi, na la mbwa wa mpiga ngoma. "Hapa, bibi. Wameandika: sauti ya kike, ya asili. Mwimbaji hajulikani."

"Hajulikani."

"Ndivyo walivyoandika."

"Jina lake nimelitaja mimi," Loisi alisema. "Limo kwenye jibu. Jenifa wa Loisi. Wamelishika mkononi, wakalikata, ndipo wakaandika hawalijui."

Hakupiga kelele. Alikunja mkeka, akaukung'uta theluji, akaenda kuvaa viatu vya kanisani.

Ofisi inayoshughulika na haki za nyimbo ilikuwa ghorofani. Mlinzi wa getini alimtazama Loisi miguu yake, akampa kiti chake mwenyewe, yeye akabaki amesimama juani mpaka Loisi na Angelina walipoitwa. Afisa aliitwa Ulimboka, kijana nadhifu aliyeinuka kumwamkia. Angelina aliuwasha wimbo kwenye simu. Theluji ilianguka juu ya meza. Afisa alizima kiyoyozi.

"Nimeelewa, mama," alisema. "Tatizo ni kwamba huu ni wimbo wa asili. Wimbo wa asili ni mali ya jamii."

"Jamii ipi?"

"Jamii yote."

"Na mimi nimo?"

"Umo, mama. Sana."

"Basi mimi nalalamika."

Ulimboka alipangusa theluji kwenye miwani. "Jamii haiwezi kulalamika kupitia mtu mmoja, mama yangu. Inabidi ilalamike yote."

"Lakini sauti si ya jamii," Angelina alisema. "Koo ni la mama yangu."

"Dada, marehemu ana kitu chochote kinachoonyesha kwamba koo ni lake?"

"Anakuja nyumbani kila jioni."

"Saa ngapi?"

"Jua likizama."

"Ah. Sisi tunafunga saa tisa na nusu." Alisikitika kweli. Aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi, akamshika Loisi mkono kwenye kila daraja, akawaambia njia iliyobaki ni kuwaandikia wenyewe hao wanamuziki kwa wema, kwani wasanii ni watu wa moyo.

Angelina aliandika. Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mpiga kinanda, alijibu upesi, akaomba waonane kwa simu ya video. Siku ya siku Batuli alileta kanga mpya akamfunga Loisi mabegani. "Usiongee naye ukiwa umechakaa," alisema. "Watasema na mama naye ni wa asili."

Mwanamume aliyetokea kwenye kioo alikuwa na mvi ndefu na macho ya upole. Aliweka mikono kifuani kusalimia. Angelina alitafsiri huku na huku.

"Anasema ni heshima kubwa. Anasema waliposikia sauti ile walilia studio nzima. Anasema si sauti ya mtu, bibi. Ni sauti ya mlima wenyewe."

"Mwambie mlima huo nilimzaa mimi," Loisi alisema. "Nilimzaa Mvumi, mwaka wa njaa, alitanguliza miguu. Anaitwa Jenifa."

Angelina alitafsiri. Mwanamume alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu, akasema kitu kirefu.

"Anasema maneno hayo ni mazuri mno. Anauliza kama anaweza kuyatumia kwenye albamu ijayo."

Batuli, aliyekuwa amejibanza pembeni asionekane kwenye kioo, alisema neno la Kirangi lisilotafsiriwa.

"Muulize mimi niko wapi," Loisi alisema. "Mwanangu anaita mara ngapi kwenye kitu chake hicho? Mimi niliitika kila mara. Mgeni wao alinirekodi. Niko wapi?"

Mwanamume alieleza kwa utulivu, kwa sababu swali la kazi lilimfurahisha. Wimbo wao ni wa mapigo saba, alisema, ndio uzuri wake, msikilizaji asipate pa kukaa. Wimbo wa kule ulikuwa na manane. Walijaribu kuliingiza jibu, waliliingiza kila namna, likakataa. Jibu lilikuwa linatuliza. Mtu akishajibiwa, alisema, hofu inaisha, na filamu ilihitaji hofu. Mwito mtupu ulifaa zaidi.

Theluji ilikuwa imeanza kuanguka nyuma ya Loisi, kwenye kabati la vyombo na juu ya picha ya kipaimara ya Jenifa. Mwanamume alisogea karibu na kioo chake.

"Anasema hakujua kwamba kwetu kunaanguka theluji."

"Haianguki," Loisi alisema. "Hiyo ni ya kwao. Mwambie aje aichukue."

Angelina alitafsiri hilo pia, neno kwa neno. Bibi yake aliona mkono wa msichana umekunjwa ngumi chini ya meza, akaufunika kwa mkono wake.

Jibu lao la mwisho lilikuja baada ya mwezi. Albamu imeshatoka, walisema, imeshapendwa, na kubadilisha kazi ya sanaa ni kuijeruhi. Jina wangeliweka, lakini jina moja likiongezwa kwenye ukurasa ule litaharibu mpangilio wa maandishi. Kwa kutambua mchango wa jamii wametuma zawadi. Zawadi ilikuwa kofia ya sufu, nzito, imefumwa majina ya wanabendi wote kuizunguka, pamoja na la mbwa.

Loisi aliishika kofia ile muda mrefu. Alitaka kuitupa jikoni iungue, na mkaa ulikuwa tayari. Lakini ilikuwa ya sufu nzuri, na masikio ya Jenifa kila jioni yalikuwa ya bluu. Akaigeuza ndani nje, majina yakabaki ndani, akaipasha joto juu ya jiko la Batuli.

Jenifa alifika jua limegusa mabati. Siku hiyo alikuwa na theluji mpaka magotini na alichechemea zaidi, kwani filamu ilikuwa imeanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya nchi nyingine kubwa. Loisi alimvalisha kofia, akamfuta uso, akampakulia ugali. Wakala. Batuli alipita kuleta kachumbari, akakaa kidogo, akamwambia Jenifa kofia imempendeza, sasa anafanana na mchimba visima, akaondoka.

"Wamekataa," Loisi alisema.

"Nimesikia."

"Si wewe tu. Na mimi pia wamenikata. Nilikuwa naitika, Jenifa. Kila mara. Nataka ujue hilo."

"Najua, mama. Nikiwa hapa nakusikia. Nikirudi kule ndiyo sisikii. Naita, mtu anaruka, naita, mtu anaruka."

"Nitamwambia Angelina aandike tena. Aandike kila wiki mpaka wachoke. Jina liwekwe, na jibu lirudi mahali pake."

Jenifa alikuwa akiipasha miguu yake moto kwenye jiko. Maji yalimchuruzika vidoleni yakaingia kwenye majivu. "Mama," alisema, "jibu likirudi sitashuka tena. Ukishaitikiwa unakaa juu, unalinda. Unajua."

Loisi alijua. Alikuwa amelijua tangu siku ya mkeka na hakutaka kulitazama. Sasa alilitazama, na hasira yake ilipanda mpaka sikioni akasikia inavuma. Watu wale, huko walikokaa na kinanda chao, walikuwa wamemfikisha mahali ambapo haki ya mwanawe na uso wa mwanawe havikai kwenye nyumba moja. Akiomba hiki anafukuza kile. Na wala hawakukusudia. Hawakuwa wamemfikiria kiasi hicho. Walikuwa wakitafuta pigo la saba.

"Ataandika tu," alisema hatimaye. "Aandike. Siwezi kukuacha uitwe hajulikani ili mimi nipate mtu wa kula naye."

"Sawa, mama."

"Lakini hawatajibu. Nimewaona."

"Hawatajibu," Jenifa alikubali.

Mahali fulani mtu alikuwa amewasha filamu, kwa maana Jenifa aliinua kichwa kama mtu aliyesikia jina la mtoto wake likitajwa nyumba ya jirani. Alisimama, akajifunga kanga, akapiga goti kuaga. Theluji ilianza tena kumtulia mabegani. Loisi alimsindikiza mpaka barabarani, alivyomsindikiza hata alipokuwa hai akienda kisimani, akamtengeneza kofia ifunike masikio yote mawili.

Jenifa aliondoka kuelekea Kizota, mguu wa kushoto ukitua kabla ya wakati wake. Kwenye gereji mashine moja ilizimwa.

"Jenifa!" Loisi aliita.

Akageuka.

"Kesho njoo. Nitakuwa na hasira bado, lakini wewe njoo."